Kuandika Hadithi ya Wawindaji wa Kale: Anzia Mahali Unapopajua

Chagua mahali pamoja na wakati mmoja kabla hujamchagua mhusika. "Hapo zamani za kale" si wakati. Vijana ninaowasaidia kuandika hapa Kilifi huniletea hadithi zenye barafu, mapango yasiyo na jina na ndovu wenye manyoya, ilhali wametembea maisha yao yote juu ya ardhi iliyokaliwa na wawindaji tangu enzi na enzi. Basi mimi huwaambia waanze na pango la Panga ya Saidi. Liko kwenye vilima vya mawe ya chokaa, kama kilomita 15 kutoka baharini, na watu wamekuwa wakiingia na kutoka humo kwa miaka kama 78,000.

Kama wewe ni wa Unguja, lipo pango la Kuumbi karibu na Jambiani. Watu walikuwapo pale miaka kama 20,000 iliyopita, wakati maji ya bahari yalikuwa yameshuka zaidi ya mita 100 na kisiwa kilikuwa kimeungana na bara. Mifupa ya punda milia imefukuliwa mle. Hebu fikiria familia inayofika Unguja kwa miguu, ikifuata wanyama. Hadithi hiyo inakungoja.

Ukishapata mahali, toka nje utazame, kisha anza kufuta. Hii ndiyo kazi ngumu kuliko zote, na ndiyo inayotenganisha hadithi inayoaminika na ile isiyoaminika. Simama barabarani Kilifi: mnazi, mwembe, mkorosho, mwarobaini, mkonge. Vyote hivyo vilikuja baadaye, vingine na majahazi, vingine na meli za Wazungu. Mahindi na muhogo vilitoka Amerika miaka mia chache tu iliyopita. Migomba nayo haikuwapo. Futa makuti, maana bila mnazi hakuna makuti tunayoezekea sisi. Futa mbuzi, ng'ombe, kuku, punda. Mwandishi mmoja kijana alimpa mwindaji wake mbwa mwaminifu, na ilibidi tumtoe, ingawa alikuwa ameandikwa vizuri sana: miaka 78,000 iliyopita hakukuwa na mbwa wa kufugwa popote duniani. Futa chungu, jembe, kisu cha chuma, nguo ya kufuma.

Usiogope utupu unaobaki, kwa sababu si utupu. Mbuyu upo. Mkwaju upo. Mkoma upo, na mabungo, na mafudu yanayotia ulimi weusi. Zipo mboga za porini kama mchunga, ambao bibi yangu alikuwa akiuchuma kandokando ya njia bila hata kukatisha mazungumzo. Kusi na kaskazi zilivuma, masika na vuli vilikuja. Nenda msitu wa Arabuko-Sokoke asubuhi moja, tembea na mtu anayejua miti, uandike unachosikia kabla ya unachoona. Eneo la Panga ya Saidi wakati ule lilikuwa mchanganyiko wa msitu na nyasi, kwa hiyo mwindaji wako haoni mbali. Anasikia tawi likivunjika. Ukimwonyesha akitazama makundi ya nyumbu hadi upeo wa macho, umemhamishia Serengeti.

Vifaa navyo hufuata wakati. Huko Sibudu, Afrika Kusini, kuna ncha za mawe na mfupa zenye umri wa zaidi ya miaka 60,000 ambazo wataalamu wengi wanaziona kuwa za mishale. Kwa hiyo hadithi yako ikiwa ya miaka 78,000 iliyopita, mpe mtu mkuki na mtego, upinde uuache. Ukiupenda sana upinde, sogeza hadithi mbele.

Sasa mhusika. Kosa ninalolikuta kila mara ni kumfanya mtu wa kale awe nusu mtu: ananguruma, anaogopa radi, anagundua moto kwa bahati. Moto ulikuwa umetumiwa na binadamu kwa mamia ya maelfu ya miaka kabla ya wale wa Panga ya Saidi. Walikuwa watu kama sisi kwa akili, na walijua zaidi yetu kuhusu kila kitu kilichowazunguka. Waandike kama mabingwa. Mtu mzima katika hadithi yako anajua ni mzizi gani uliwe mbichi na upi uchomwe kwanza, anajua nyuki wanarudi upande gani, anajua kwamba jiwe hili litapasuka vizuri na lile litamkata mkono. Hakuna siku hata moja aliyoamka akasema maskini mimi, kilimo bado hakijafika.

Nitakuonyesha tofauti. Kijana mmoja alianza hivi: "Mtu wa pangoni alitoka na rungu lake kwenda kumtafuta simba." Tukakaa naye, nikamwuliza ni nani aliyekula jana na alikula nini. Baada ya kusoma kidogo kuhusu wanawake wa Kihadzabe, jamii ya wawindaji na wachumaji wa Ziwa Eyasi, Tanzania, ambao hugonga ardhi kwa mti wa kuchimbia ili wasikie kama mzizi chini ni mzuri, akaandika upya:

"Ukwaju aligonga, akasikiliza, akagonga tena hatua moja mbele. Nyuma yake mama yake alikuwa ameketi kwenye jiwe, hasemi neno. Alijua mzizi ulipo. Alikuwa amejua tangu walipofika, na alikuwa akingoja kuona kama bintiye atajua."

Simba hayumo, na bado unataka kujua kitakachofuata. Hapo kuna ujuzi, kuna njaa ndogo, kuna mama na binti. Jina Ukwaju pia lilinipendeza. Majina ya Kiarabu na ya Biblia hayawezekani kwa watu hawa, na majina ya kubuni yasiyotamkika huwafanya waonekane wageni wa sayari nyingine. Chukua jina kutoka kwenye mti, hali ya hewa au alama ya mwilini: Mvua, Kovu, Ukwaju. Msomaji atalikubali mara moja.

Mgogoro, basi, utoke wapi? Waandishi wengi hukimbilia mnyama mkali au kabila la maadui. Nenda kwenye kugawana. Kambi ya watu 20 au 30 wanaotegemeana kwa chakula ina visa vingi kuliko vita. Kwa Waju/'hoansi wa Kalahari, waliokuwa wakiwinda hadi karne ya 20, nyama ya mnyama mkubwa ilikuwa ya mwenye mshale uliompiga kwanza, si lazima ya aliyeuvuta upinde, na mishale ilizunguka kwa kupeana na kuazimana. Mzee asiyeweza tena kukimbia angeweza kuwa mgawaji wa nyama kwa sababu ya mshale wake. Na mwindaji aliyeua mnyama mnono hakujisifu. Wenzake waliibeza nyama hiyo mbele yake, wakiuliza kwa nini amewasumbua kuja kubeba mifupa, ili moyo wake usivimbe. Mpe mhusika wako kijana mnyama wake mkubwa wa kwanza, kisha umweke katikati ya watu wanaomwambia mnyama huyo ni mwembamba. Andika uso wake. Tunasema mkono mtupu haulambwi, na pale unaweza kuandika sura nzima kuhusu mkono uliojaa na bado haulambwi.

Wala usimsahau bibi. Watafiti walioishi na Wahadzabe, akiwamo Kristen Hawkes, waliona wanawake wazee wakichimba mizizi kwa bidii kubwa na kulisha wajukuu, hasa mama anapokuwa na mtoto mchanga. Bibi katika hadithi nyingi ninazosoma huketi kando ya moto akitoa hekima. Mwondoe pale. Mpe mti wa kuchimbia.

Usiku uandike kwa makini, kwa kuwa usiku ndio wakati wa maneno. Mtafiti Polly Wiessner alilinganisha mazungumzo ya Waju/'hoansi ya mchana na ya usiku, akachapisha matokeo mwaka 2014: mchana watu walizungumza zaidi kazi, malalamiko na umbea, lakini kando ya moto asilimia 81 ya mazungumzo yalikuwa hadithi. Tumia hilo katika kupanga mazungumzo yako. Mchana sentensi fupi, za chakula na za kulaumiana. Usiku mwache mtu aongee ukurasa mzima. Na usidhani kambi yote inalala pamoja. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 ulifuatilia usingizi wa Wahadzabe 33 watu wazima kwa siku 20, na dakika ambazo wote walikuwa usingizini kwa wakati mmoja zilikuwa 18 tu. Kwa hiyo daima kuna mtu macho. Muulize kwa nini halali, na hadithi yako itaanza kusogea yenyewe.

Kuhusu saa na umbali: jua liko wapi, mwezi umefikia wapi, safari inachukua kulala mara ngapi. Ukijikuta umeandika "baada ya dakika chache", badilisha iwe kitu kinachoonekana, mate yaliyokauka kwenye jiwe au kivuli kilichofika mguuni.

Vitu vidogo vinavyosafiri ni zawadi kwa mwandishi. Panga ya Saidi kumepatikana ushanga wa kombe la bahari wenye umri wa zaidi ya miaka 60,000, na bahari wakati huo ilikuwa mbali kuliko leo. Nani alilibeba kombe lile, na alimpa nani? Olorgesailie, kusini mwa Nairobi, watu walikuwa wakitumia mawe meusi ya kioo cha volkano yaliyotoka makumi ya kilomita mbali, zaidi ya miaka 295,000 iliyopita. Ukitaka kuandika mapenzi, au deni, au ugeni, una jiwe na kombe. Sioni haja ya zaidi.

Vita vilikuwapo pia, sisemi havikuwapo. Nataruk, magharibi mwa Ziwa Turkana, mabaki ya watu wasiopungua 27 yalipatikana kwenye ukingo wa lililokuwa bwawa, wa miaka kama 10,000 iliyopita. Wengine walikuwa na vipande vya mawe vilivyozama mwilini, na mmoja alikuwa mwanamke mwenye mimba kubwa. Ukiandika tukio la namna hiyo, liandike kwa sababu hadithi imelidai, na ubaki na waliouawa kuliko wauaji. Lisiwe kichocheo cha sura ya kwanza tu.

Nimekaa na kifo kimoja muda mrefu kuliko vingine vyote. Ndani ya Panga ya Saidi alizikwa mtoto wa miaka 2 na nusu hadi 3, na habari zake zilichapishwa mwaka 2021. Watafiti walimwita Mtoto. Ni kaburi la kale kuliko yote ya binadamu wa aina yetu yanayojulikana Afrika hadi sasa, la miaka kama 78,000. Alilazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kifuani. Namna mifupa ya shingo na kichwa ilivyoanguka inaonyesha kwamba kichwa kiliwekwa juu ya kitu kilichokuja kuoza, kama mto, na sehemu ya juu ya mwili ilikuwa imefungwa ndani ya kitu, pengine majani au ngozi.

Kila anayesoma hayo hutaka kuyaandika, na wengi huyaharibu kwa kuyaeleza. Wanaleta kuhani, nyimbo, dini nzima. Hatuna hayo. Tulichonacho ni shimo lililochimbwa, kitu cha kufunikia, na kitu cha kulazia kichwa. Andika mikono tu. Nani anakata majani, nani anachimba na kwa kifaa gani, nani anakwenda kutafuta kitu laini kwa ajili ya kichwa na anakosa kwanza. Waislamu wa pwani watauona ubavu wa kulia na watakumbuka namna tunavyowalaza wetu. Usiwaambie, wala usijenge daraja lisilokuwapo. Iache sentensi ipite, msomaji atafanya kazi yake.

Jambo la heshima sasa, nami nalisema kwa uzito. Wahadzabe ni watu wa leo, wana simu, wana kesi za ardhi, wana watoto shuleni. Waata wa huku kwetu, ambao wazee wao waliwinda ndovu kwa pinde nzito na mishale ya sumu upande wa Tsavo, ni majirani zetu. Jifunze kutoka kwao namna kazi zinavyofanyika, uwashukuru kwa majina wakiruhusu, lakini usichukue mila zao takatifu ukazitupa miaka 78,000 nyuma kana kwamba wao wamekaa palepale. Mambo niliyotaja ya Kalahari na Eyasi yanakuonyesha yanayowezekana kwa binadamu wanaoishi kwa kuwinda na kuchuma. Hayathibitishi kwamba wale wa pangoni waliishi hivyohivyo.

Ukimaliza rasimu, isome kwa sauti huku umeshika kalamu nyekundu, uweke alama penye kitu chochote kisichokuwapo: mlango, kamba ya katani, harufu ya nazi. Nazi hujificha, mimi nimeikuta katika rasimu ya tatu ya mtu makini sana. Halafu mtafute mrina asali, au mama anayechuma mboga za porini, au fundi wa mitego kama bado yupo kijijini kwenu. Usimpe karatasi, msomee. Akikukatiza na kusema "mtu hashiki hivyo", acha kusoma, mwombe akuonyeshe, na uandike upya ukurasa huo siku ileile kabla mkono wake haujakutoka machoni.