Jinsi ya kumsoma ampaya wa besiboli, kwa vijana wa Mwanza

Wengi tukiangalia besiboli macho yote kwenye mpira, ila ukitaka kuelewa mechi mwangalie ampaya, yaani mwamuzi, tena anza na miguu yake ndo uje kwenye mikono.

Yule wa nyuma ya mdakaji (anayedaka mpira nyuma ya mpigaji) anahukumu kila mpira unaorushwa. Straiki (mpira umepita eneo la kupigwa, au mpigaji kajaribu akaukosa) ananyanyua ngumi ya kulia au anaitupa pembeni, boli (umepita nje ya eneo hilo na mpigaji kauacha) hafanyi ishara yoyote, anatamka tu akiwa bado kainama. Hesabu anaionyesha kwa vidole, kushoto boli, kulia straiki. Boli 4 mpigaji anaenda besi (kituo cha kukimbilia) ya kwanza bure, straiki 3 auti, yaani katolewa.

Auti ni ngumi ya kulia kama anagonga mlango, sefu, yaani mkimbiaji kafika salama, mikono yote inafunguka pembeni viganja chini. Faulu, yaani mpira uliopigwa umetoka nje ya mistari, mikono juu na anapiga kelele, mpira umekufa, mchezo unasimama. Ila mpira ukiwa halali karibu na mstari anasonta tu uwanjani, sauti hakuna, na hapa nawasisitizia sana mnaochezesha mechi za shule, ukipaza sauti tu wakimbiaji wanasimama wanajua ni faulu na mchezo umeshauharibu. Mstari wenyewe ni ndani, ukigusa chokaa ni halali.

Sasa kusimama. Mkiwa maampaya wawili na besi hazina mtu, wa pili anakaa nyuma ya mlinzi wa besi ya kwanza, nje kidogo ya mstari. Akipatikana mkimbiaji besi ya kwanza anahamia ndani, kati ya mrushaji na besi ya pili. Tafuta pembe nzuri kuliko kusogea karibu, na usihukumu huku unakimbia jamani, simama, ona mpira umetulia kwenye glavu, ndo unyanyue mkono.

Ngumu kuliko zote ni ile ya mpira wa juu, besi ya kwanza na ya pili zina watu au zote tatu, auti hazijafika 2. Kama mlinzi wa ndani anaweza kuudaka kirahisi, ampaya ananyoosha kidole juu, mpigaji auti hata ukidondoka, maana bila hivyo mlinzi angeuangusha makusudi apate auti mbili, wakimbiaji wakiwa bado wanasubiri kwenye besi zao. Viwanja vyetu vya huku Nyegezi au Ilemela mchana upepo wa ziwa ukianza mpira unahama hewani, kwa hiyo subiri ufike juu kabisa, halafu mtazame mlinzi, akiwa katulia chini yake tangaza, akiwa bado anahangaika kuufukuzia acha mkono chini.