Ukivunja masharti ya probesheni Marekani, na namna ya kusafisha rekodi ya jinai

Aliyepewa probesheni nchini Marekani hutumikia adhabu akiwa nyumbani kwake, ila kwa masharti: kuripoti kwa afisa wa probesheni, kulipa faini na ada, kutotenda kosa jingine, na kutohamia jimbo jingine bila ruhusa. Sharti hili la mwisho linaweza kumnasa mkimbizi kutoka Kongo kwa urahisi sana: anasikia jamaa zake wamepata kazi kwenye kiwanda cha nyama Iowa, anafunga mizigo wiki hiyo hiyo, na huku nyuma hakimu anatoa hati ya kumkamata. Uangalizi unaweza kuhamishiwa jimbo jingine, lakini ruhusa huombwa kupitia kwa afisa wako kabla hujaondoka.

Ukishavunja sharti, usijifiche wala usiache kuripoti, bali mtafute wakili upesi, kabla hujamweleza afisa lolote kuhusu kosa jipya. Unayomwambia afisa si siri. Mwaka 1984, katika kesi ya Minnesota dhidi ya Murphy, Mahakama ya Juu iliruhusu maneno ya namna hiyo yatumike dhidi ya aliyeyasema. Kama huna fedha, anza kwa kupiga simu katika ofisi ya mawakili wa umma iliyokutetea mwanzoni.

Kesi ya kuvunja masharti husikilizwa na hakimu peke yake, bila baraza la wazee wa mahakama, na katika majimbo mengi kiwango cha ushahidi kinachotakiwa ni cha chini kuliko katika kesi ya kawaida ya jinai. Hata hivyo, tangu uamuzi wa Gagnon dhidi ya Scarpelli wa mwaka 1973, una haki ya kupewa madai kwa maandishi, kuuona ushahidi na kuleta mashahidi wako. Ikiwa kosa ni kutolipa, uamuzi wa Bearden dhidi ya Georgia wa mwaka 1983 unamtaka hakimu achunguze kwanza kama ulikuwa na uwezo, kwa hiyo nenda na karatasi za mshahara, mkataba wa pango na bili za hospitali. Omba mkalimani mapema, na useme wazi Kiswahili chako ni cha wapi, kwa kuwa mtu wa Uvira na mkalimani wa Dar es Salaam wanaweza kupishana katika neno moja lenye uzito.

Kusafisha rekodi huja baada ya kumaliza probesheni, na kila jimbo lina sheria yake. Pennsylvania, kwa sheria ya mwaka 2018, huzifunga baadhi ya rekodi, yaani umma hauzioni tena, bila mhusika kuomba. Kwingi utawasilisha maombi katika mahakama iliyokuhukumu. Kliniki za vitivo vya sheria na ofisi nyingi za msaada wa kisheria hufanya kazi hii bila malipo.

Kwa asiye raia, hapa ndipo penye hatari kubwa. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1996 huhesabu kukiri kosa pamoja na adhabu yoyote kuwa hukumu, hata jimbo likiifuta baadaye, na fomu N-400 ya kuomba uraia inakutaka utaje hata rekodi zilizofungwa. Kwa hiyo, kabla rekodi haijafutwa, chukua mahakamani nakala zilizothibitishwa kwa mhuri na uzihifadhi, maana baadaye huenda zisipatikane. Aidha, ombi la uraia halikubaliwi ukiwa bado chini ya probesheni. Kinachoweza kukuokoa ni hukumu kutenguliwa kwa kasoro ya kisheria, kwa mfano wakili kutokukueleza athari za uhamiaji kabla hujakiri kosa, jambo ambalo Mahakama ya Juu ililifanya wajibu wa wakili katika kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky mwaka 2010. Suala hili mpelekee wakili wa uhamiaji mwenye leseni, si mjaza fomu wa mtaani.

Rekodi ikishafutwa, kampuni zinazowauzia waajiri taarifa za watu zinaweza kuendelea kuionyesha. Ziandikie kupinga, ukiambatisha nakala ya amri ya mahakama. Kwa kawaida sheria inazipa siku 30 kuchunguza na kusahihisha.