Kuchora njia ya maji ya mvua mtaani kwa QGIS

Nimeandika haya baada ya kuwasaidia vijana wa Mabatini, jijini Mwanza, waliotaka kumwonyesha mwenyekiti wa mtaa wao maji ya mlimani yanapita wapi kabla ya kufika Mto Mirongo.

Hatua ya 1. Weka QGIS, programu ya kuchora ramani, kwenye kompyuta, na KoboCollect, programu ya kujazia fomu, kwenye simu. Zote ni za bure.

Hatua ya 2. Tembeeni wawili wawili mkirekodi mitaro, makalavati na palipoziba. Bando si lazima njiani. Fomu zitatumwa baadaye. Penye majabali GPS huyumba, kwa hiyo subirini usahihi ufike mita 5. Latitudo yetu ni hasi, takribani -2.5. Mkiandika kwa mkono mkasahau alama ya kutoa, pointi zitaangukia kaskazini mwa Uganda, upande wa Lira.

Hatua ya 3. Pakua nyumba na barabara za OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, na data ya SRTM, yaani vipimo vya mwinuko wa ardhi vilivyochukuliwa kutoka angani.

Hatua ya 4. Hapa ndipo siku nzima hupotea. SRTM huja kwa nyuzi za latitudo na longitudo, lakini urefu wake uko kwa mita. Ukikokotoa mteremko hivyo hivyo, QGIS huona mita na nyuzi ni kitu kimoja, na Mwanza nzima inageuka genge la nyuzi karibu 90. Kubadili mfumo wa majira ya ramani (namba ya EPSG) kwenye kona ya chini kulia hakusaidii: kunabadilisha mwonekano tu, data inabaki ilivyo. Tumia amri ya Warp, inayobadili data yenyewe, uchague EPSG:32736, yaani UTM kanda ya 36 Kusini, mfumo unaopima kwa mita, na njia ya Bilinear. Ile ya Nearest huacha mistari mistari. Usichukue 21036. Hiyo ni Arc 1960, mfumo wa ramani za zamani, na ukiichanganya na 32736, tabaka za ramani zitapishana mita mia kadhaa. Kisha kokotoa mteremko na ukague: juu ya ziwa mteremko usomeke sifuri au karibu yake. Ukisoma vingine, usiendelee.

Hatua ya 5. Jaza mashimo ya uongo, yaliyo kwenye data lakini hayapo ardhini, kwa amri ya Fill sinks, halafu chora mikondo ya maji.

Hatua ya 6. Chapisha ramani kwenye A3 na uipeleke kwa wazee wa mtaa pamoja na kalamu nyekundu. Mimi siruki hatua hii kamwe. Mraba mmoja wa SRTM ni kama mita 30 kwa 30 na ulipimwa Februari 2000. Hauoni mtaro wa nusu mita wala ukuta uliojengwa juzi. Mama anayechota maji yaliyoingia ndani ya nyumba yake kila masika anaujua mkondo kuliko kompyuta. Mikondo ya kompyuta ikipingana naye, rudini pale mkapime upya, kisha alama yake nyekundu iingie kwenye tabaka la mwisho.