Mama hataki kuoga siku ya sita leo: namna ninavyomwogesha mzee mwenye dimenshia (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na kuchanganyikiwa)

Simu nyingi ninazopigiwa na watoto wa wazee hazihusu kusahau majina. Zinahusu maji. "Nesi, mama hataki kuoga, nikimshika anapiga mayowe mpaka majirani wanadhani namtesa." Nahudumia wazee majumbani hapa Tanga, na nimejifunza kwamba mzee hachukii usafi. Anaogopa. Baridi inamshtua, sakafu inateleza, na anayemvua nguo huenda leo hamtambui kabisa.

1. Jiulize tatizo limeanza lini. Kama juzi alikuwa mzima na leo kachanganyikiwa ghafla, acha ndoo, mpeleke kituo cha afya. UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), malaria, kuishiwa maji mwilini, hata kufunga choo, vinaweza kumvuruga mzee kwa siku moja tu, na vinatibika. Dimenshia yenyewe mara nyingi huja taratibu, kwa miezi na miaka. Beba dawa zake zote. Piriton, ile dawa ya mafua na mzio tunayonunua dukani kama pipi, huwazidishia wazee kuchanganyikiwa, nami nimekuta nyumba ambako bibi hupewa kila usiku "apate usingizi".

2. Chagua saa. Magharibi hapana. Jua likizama wengi wao huhangaika, wanataka kurudi "nyumbani" na wako nyumbani. Saa nne asubuhi, chai imeshanywewa, joto limeingia. Mwili mzima mara mbili kwa wiki unatosha. Siku nyingine uso, makwapa na sehemu za siri kwa kitambaa chenye maji.

3. Andaa vyote kabla hujamwita. Maji ya uvuguvugu (yapime kwa kiwiko), kopo, sabuni, dodoki laini, taulo, kanga mbili, nguo zilizopangwa kwa mfuatano wa kuvaa. Ukimwacha ameloa ukakimbilia taulo, utamkuta chini. Kiti kisiteleze, na rangi yake isifanane na sakafu: kiti cheupe juu ya vigae vyeupe anaweza asikione, na mkeka mweusi anaweza kuuona shimo.

4. Usitaje kuoga. Bibi mmoja alinigomea wiki mbili. Siku hiyo adhana ya adhuhuri ilikuwa karibu, nikamwambia, "Shikamoo bibi, maji ya udhu tayari." Akanyoosha mikono mwenyewe. Viganja mara tatu, akasukutua, pua, uso, mikono hadi viwikoni. Jina langu halijui, lakini mikono yake haikukosea hata hatua moja. Alipofika miguuni nikaendelea alipoishia yeye, taratibu, hadi magotini, hadi mgongoni. Binti yake aliniuliza kama huko si kumdanganya. Alitawadha kweli, na tulipomaliza akatia udhu upya akaswali kweli. Kwa mzee mwingine itakuwa kujiandaa kwenda kanisani, au mgeni anayekuja. Tafuta kilichokuwa kikimwogesha zamani.

5. Anzia miguuni, kichwa mwisho. Nilipokuwa mgeni wa kazi hii nilimmwagia mzee mmoja kopo zima utosini. Alinipiga nalo, na haki yake. Mwache na kanga mwilini, msugue chini ya kanga, mwambie kila unachotaka kufanya kabla mkono haujafika. Mpe dodoki ashike. Akiosha goti lilelile mara kumi, sawa. Na suala la nani amwogeshe si dogo: mama aogeshwe na binti, baba na mwanawe wa kiume. Mkwe asilazimishwe, aibu hiyo mzee bado anayo hata kama mengine yamekwenda.

6. Akisema hapana, ondoka. Usibishane, usimkumbushe kwamba ananuka. Kaa dakika ishirini, rudi na sauti nyingine, au aende mtu mwingine. Wa saa nne aliyekataa, saa tano hunyanyuka mwenyewe.

7. Kausha kwa kubonyeza. Ngozi yake ni nyepesi, ukisugua inachanika. Usisahau chini ya matiti, kwenye kinena na katikati ya vidole. Unapompaka mafuta ya nazi kagua visigino, nyonga na pale juu ya makalio. Ukiona alama, nyekundu au nyeusi kuliko ngozi ya jirani, ambayo ukiibonyeza kwa kidole haififii, usingoje siku nyingine ya kuoga: mgeuze asilalie upande huo, na mwite muuguzi leo.