Somo: Utumbo unavyoliamrisha kongosho

Kila mwaka wanafunzi wangu hapa Wete hujibu kwenye mtihani kwamba kongosho, kiungo kinachotoa maji ya kuyeyushia chakula, hupokea amri zake kutoka kwa ubongo. Jibu hilo ni nusu tu, na nusu iliyoachwa ndiyo tamu.

Hatua ya 1. Ukichinja kuku, usitupe matumbo mara moja. Utumbo unaotoka kwenye firigisi umejikunja kama kitanzi kirefu. Katikati ya kitanzi kuna ukanda mwembamba wa rangi ya waridi iliyopauka. Hilo ndilo kongosho. Jaribu kulibandua: limeng'ang'ania, kwani vijifereji vyake vinamwaga ndani ya utumbo huo huo. Sehemu hiyo ya utumbo huitwa duodeni. Kuanzia hapa tuzungumzie wanyama wanaonyonyesha.

Hatua ya 2. Chakula kinatoka tumboni kimelowa asidi. pH ya duodeni (kipimo cha asidi: kadiri inavyoshuka, ndivyo asidi inavyokuwa kali) ikishuka chini ya 4.5, seli za ukutani humwaga homoni, yaani kemikali ya kupeleka ujumbe, iitwayo sekretini, si ndani ya utumbo bali kwenye damu. Inapita moyoni na mapafuni, kisha inarudi kwa jirani wa karibu kabisa. Kongosho hujibu kwa maji mengi yenye bikaboneti, kitu kinachozima asidi; asidi inapoa, na sekretini inapungua yenyewe.

Hatua ya 3. Mafuta na protini, tuseme za wali wa nazi na samaki, huamsha homoni nyingine ya utumbo, kolesistokinini. Hii hulifanya kongosho litoe vimeng'enya, yaani viyeyushaji vya chakula, na kuukamua mfuko wa nyongo.

Hatua ya 4, ushahidi. Mwaka 1902 mjini London, wanasayansi Bayliss na Starling walikata neva zote za kipande cha utumbo wa mbwa, wakaacha mishipa ya damu tu. Walipotia asidi, kongosho likatiririka. Starling akakwangua utando wa utumbo, akausaga na mchanga na asidi, akauchuja, wakaudunga kwenye mshipa wa damu. Likatiririka tena! Neno "homoni" lenyewe Starling alilitumia mwaka 1905.

Neva nazo zina kazi: mnyama akinusa chakula tu, neva ya vagasi, itokayo kwenye ubongo, huanza kuliamsha kongosho.

MASWALI

Mwalimu, mbona kongosho halijiyeyushi lenyewe?
Swali zuri, mwanangu. Kimeng'enya cha protini hutoka kikiwa kimelala, kwa jina la tripsinojeni. Enterokinasi ya utumbo ndiyo inayokiamsha kuwa tripsini.

Na ng'ombe, anayekula na kucheua kutwa?
Chakula chake huteremka kidogo kidogo mchana na usiku, kwa hiyo kongosho lake halipumziki.

Mimi nafuga kuku Mkoani. Naambiwa nisiwape vifaranga soya mbichi. Kwa nini?
Umeambiwa kweli, dada yangu. Soya mbichi ina kitu kinachoifunga tripsini. Kwa kawaida tripsini ikibaki bila kazi, ndiyo inayouzima wito wa kolesistokinini. Ikifungwa, wito hauzimiki, na kongosho huendelea kuamrishwa. Hilo limeonekana wazi kwa panya. Kwa vifaranga pia kongosho huvimba, na wao hudumaa. Ikaange ipate moto wa kutosha hadi ndani, kisha ndipo uisage.