Asili yako na moyo wako: namna ya kujipima nyumbani

Tangu mdogo nasikia watu wanasema ugonjwa wa moyo ni wa Wahindi na Wazungu, sisi weusi tunakula ugali tunalima hatuna shida hiyo. Haya maneno yana mahali yalipotoka kwa kweli, maana mwaka 1959 madaktari Shaper na Jones waliandika kutoka Uganda kwamba kuziba mishipa ya moyo kwa Waafrika wa kule ni kama hakuna, ila kwa Wahindi wa nchi hiyohiyo lilikuwa tatizo kubwa. Sasa watu wameshika hiyo ya 1959 hadi leo!

Ukapita muda, mwaka 1990 ukatoka utafiti wa Wajaluo waliotoka kijijini magharibi mwa Kenya wakaja Nairobi, presha zao zikawa juu kuliko za wenzao waliobaki nyumbani, na ilikuwa ndani ya miezi tu, kabila lilelile ukoo uleule, ila mkojo ulionyesha mjini wanakula chumvi zaidi na potasiamu kidogo. Kwa hiyo asili inakuonyesha pa kuanzia kuangalia, haikupi kinga.

Basi anza hivi. Kama asili yako ni Bara Hindi, angalia sukari na lehemu (kolesteroli, mafuta ya kwenye damu) mapema, hata kama mwembamba, maana kwao mishipa ya moyo inaziba mapema na sukari inakuja kwenye mwili mdogo tu. Kama ni Mwafrika, presha ndo ya kwanza, hiyo ndo inatuletea kiharusi, moyo kutanuka na figo kufa, na haiumi kwa hiyo usisubiri kichwa kigonge.

Tumbo pima na kamba. Kanyaga ncha moja, mtu akukatie pale inapofika utosini, ikunje katikati ibaki nusu halafu izungushe kiunoni juu kidogo ya kitovu, pumua kawaida usibane tumbo. Ncha zisipokutana, tumbo limezidi nusu ya urefu wako na hapo kuna kazi ya kufanya. Mimi naipenda hii kuliko mizani, maana chati nyingi za ukutani zinasema uzito umezidi kuanzia BMI 25 (BMI ni hesabu ya uzito ukilinganisha na urefu), wakati mwongozo wa Uingereza kwa watu wa asili ya Asia na Afrika unaanzia 23.

Presha sasa, hapa ndo wengi wanakosea. Mama yangu alipokuja kukaa kwangu mjini nilikuwa nampima katoka tu kupanda ngazi, anaongea, mkono unaning'inia, namba zinapaa tunapaniki wote. Kaa dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu chini usikunje nne, umeshakojoa, hujanywa kahawa wala kuvuta sigara nusu saa nzima, mkono bila nguo, umeuweka juu ya meza usawa wa moyo. Pima mara mbili ukiachia dakika 1, asubuhi na jioni, siku 7, halafu siku ya kwanza itupe na zilizobaki utafute wastani. Nyumbani wastani ukifika 135/85, yaani namba ya juu 135 au ya chini 85, nenda kamuone daktari. Ukikuta 180/120 na kifua kinabana au mdomo umepinda au pumzi inakata, hapo usirudie kupima, kimbia hospitali.

Mwambie daktari asili yako na ya wazazi. Uingereza, mtu wa asili ya Kiafrika mara nyingi anaanzishiwa dawa za presha za kundi la amlodipini badala ya zile zenye majina yanayoishia na -pril, sasa uliza yako ni ipi na kwa nini, ila usibadilishe mwenyewe na usimeze ya jirani jamani.

Kuna na vikokotoo vya kukadiria hatari yako ya kupata ugonjwa wa moyo au kiharusi. Kimoja kinaitwa QRISK3, kinauliza asili yako, ila kimetengenezwa kwa watu wanaoishi Uingereza, kinamfaa zaidi ndugu yako wa Leicester kulekule. Kwa sisi wa huku kuna chati za WHO za 2019, zimegawanywa kwa kanda na Afrika Mashariki ina yake, za miaka 40 hadi 74, na ipo hata ya kutumia bila kipimo cha damu, mwombe daktari mwangalie pamoja.

Namba zako ziandike kwenye daftari na tarehe, na ukihama kijiji kwenda mji, au mji kwenda Ulaya, anza kupima upya mwezi huohuo wa kwanza.