Barua chini ya godoro: somo la hofu ya kuhama na kumtafuta mshauri

Treni ya mizigo ya SGR, reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, ilipoanza 2018, makontena mengi yakawa yanakombolewa Nairobi badala ya bandarini Mombasa, na kazi yetu ya klirensi, yaani kutoa mizigo forodhani, ikayafuata. Barua yangu ya uhamisho niliilaza chini ya godoro siku 11. Nikitandika kitanda, upande ule siugusi.

Hatua ya kwanza: itoe barua. Hofu hunenepa kwa kukwepwa. Kila ukikimbia unapata nafuu kidogo, na mwili unashika kwamba usalama uko kwenye kukimbia.

Ya pili: ikate vipande. Nilianza kwa kuisoma mbele ya dadangu. Kesho yake nikapiga simu moja kuulizia kodi ya nyumba. Wiki iliyofuata nikapanda treni pale Miritini, stesheni ya Mombasa, nikalala Nairobi usiku mmoja, nikarudi. Moyo ulinidunda hadi Voi, viganja vimelowa, kisha ukatulia wenyewe. Hapa pashikeni sana: usishuke njiani hofu ikiwa juu. Kaa nayo mpaka ipungue, maana hupungua.

Ya tatu: kama usingizi umekutoka, chakula hakipiti, na wiki zaenda hujasogea, tafuta mshauri nasaha. Sheria ya 2014 iliunda bodi ya washauri na wanasaikolojia, kwa hivyo muulize kama amesajiliwa, wala usione haya. Uliza atatoza ngapi na mtazungumza lugha gani. Mimi siwezi kulia kwa Kiingereza. Wa kwanza alinihubiria saa nzima, nikamwacha. Wa pili alinisikiliza.

Maswali ya wasomaji wa mitaa ya Mombasa

*Likoni: Kwani somo wangu hatoshi?*
Somo, yule kungwi aliyekufunda, ni hazina, usimwache. Lakini amjua mumeo, amjua mamako, na ana lake analokutakia. Mshauri hana upande.

*Kisauni: Pesa sina.*
Hospitali ya Port Reitz, kule Changamwe, ina kitengo cha afya ya akili. Anzia hapo. Ukizidiwa usiku, piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure.

*Bamburi: Nyumbani wasema ni jini, nisomewe tu.*
Somewa, mwanangu, na kwa mshauri uende. Siku ile mimi nilisomewa Yasini asubuhi, mchana nikapanda treni.